Stenlesi, alumini au chuma cha kawaida: ipi ibebe lori la umeme na tela lake?

Betri ya lori la umeme hailipiwi dukani tu. Hulipiwa tena kila gari likipanda mizani ya Vigwaza au Mariakani, kwa sababu tani zake zimo ndani ya hesabu ileile ya mzigo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari la ekseli 7. Kichwa cha ekseli 3 kikivuta tela la ekseli 3 kinaishia tani 50. Sasa chukua betri ya kilowati-saa 600, ukubwa wa kawaida kwa malori ya umeme ya safari ndefu. Ukihesabu kilo 6 hadi 7 kwa kila kilowati-saa pamoja na kasha lake, umefika tani 4. Ondoa injini, giaboksi, matangi ya dizeli na ekzosi, utarudishiwa sehemu, lakini tani 2 au 3 za mzigo zitakuwa zimekwenda.

Ulaya jambo hili wamelimaliza kwa kalamu: lori lisilotoa moshi linaruhusiwa kuzidi hadi tani 2. Marekani wameongeza pauni 2,000, yaani kama kilo 900. Asiye na nyongeza ya namna hiyo anabaki kutazama chesisi, bodi na tela na kujiuliza wapi pa kupunguza. Hapo ndipo stenlesi inapoingia mazungumzoni, hasa tangu Elon Musk wa kampuni ya Tesla alipoonyesha pikapu yake ya umeme ya Cybertruck mwaka 2019 ikiwa imevaa stenlesi tupu bila rangi. Wengi wakahitimisha kwamba malori ya kesho, pamoja na matela yake, yatakuwa ya stenlesi.

Mimi naona stenlesi ina nafasi yake kwenye lori la umeme, na nafasi hiyo haiko kwenye ngozi ya nje inayopigwa picha. Na anayetafuta wepesi ameikosea mlango.

Tuelewane majina kwanza

Kwenye maduka ya vyombo "chuma cha pua" ndilo jina la stenlesi, lakini kwa maana ya zamani pua ni chuma kilichokazwa, kiwe kinashika kutu au hakishiki. Hapa nitasema stenlesi, kama mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, wanavyosema. Kinachoifanya iwe stenlesi ni kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi. Kromiamu hiyo hushikana na oksijeni ikatengeneza utando mwembamba usioonekana, na ukiukwaruza unajiziba wenyewe. Aina maarufu ni 304, yenye kromiamu asilimia 18 na nikeli 8. Dada yake 316 ameongezewa molibdenamu asilimia 2 hadi 3 ili kuhimili chumvi. Kuna nyingine ya bei nafuu ambayo wauzaji hawaitaji sana, nami nitairudia chini, kwa sababu ndiyo ninayoipenda kwa kazi hii.

| | Chuma cha nguvu kubwa (S700) | Stenlesi 304 | Alumini 5083 |
|---|---|---|---|
| Kilo kwa mita ya ujazo | 7,850 | 7,900 | 2,660 |
| Nguvu kabla ya kupinda moja kwa moja (MPa) | 700 | kama 210 | 125 hadi 215 |
| Ukakamavu, yaani kukataa kunyumbuka (GPa) | 210 | 200 | 70 |
| Kutanuka kwa joto (mikroni kwa mita, kila digrii 1) | 12 | 17 | 24 |
| Joto la kuyeyuka (°C) | kama 1,500 | 1,400 na zaidi | karibu 600 |

Soma mstari wa kwanza mara mbili. Stenlesi si nyepesi. Ukitengeneza tela la stenlesi ya 304 kwa unene uleule wa chuma cha kawaida, uzito utakuwa uleule, na bei mara kadhaa. Mstari wa pili nao unaikata maini: 304 iliyotoka kiwandani bila kukazwa ni dhaifu kuliko chuma cha S355 ambacho mafundi wengi hutumia kwa boriti za chesisi.

Wepesi wa stenlesi unatoka wapi, basi?

Unatoka kwenye ukazaji. Stenlesi ina tabia ambayo chuma cha kawaida hakiifikii: ukiipitisha kwenye roli ikiwa baridi, inakuwa ngumu kwa kasi ya ajabu. Aina ya 301 iliyokazwa hivyo inavuka MPa 900, na hapo unaweza kupunguza unene.

Hili si wazo la jana. Mwaka 1934 kampuni ya Edward Budd ya Philadelphia ilizindua treni ya Pioneer Zephyr, mwili mzima wa stenlesi nyembamba. Tarehe 26 Mei mwaka huo ilikimbia kutoka Denver hadi Chicago bila kusimama kwa saa 13 na ushei. Shida yao ilikuwa kuunganisha: ukichomelea bati lililokazwa kwa moto wa kawaida, joto linalilegeza, na ule ugumu ulioununua unapotea palepale kwenye kiungo. Budd wakatumia mshindo mfupi mno wa umeme unaoyeyusha nukta moja na kuacha pembeni pakiwa salama. Yapo mabehewa ya kampuni hiyo yaliyotumika miongo mingi bila mwili kuliwa na kutu.

Umewahi kujiuliza kwa nini mabehewa na matela ya zamani ya stenlesi yana mikunjo-mikunjo ubavuni kama bati la nyumba? Si urembo. Rudi kwenye jedwali, mstari wa ukakamavu. Ukazaji unaongeza nguvu, hauongezi ukakamavu. Bati jembamba lenye nguvu halikatiki, lakini linabonyea na kutetemeka kama sinia, kwa hiyo unalikunja ili lisimame. Anayekuahidi tela jepesi la stenlesi muulize maswali mawili: bati limekazwa kiasi gani, na utaliungaje bila kulilegeza? Akikosa jibu, anakuuzia 304 ya masufuria.

Alumini, na deni lake

Kwa wepesi mtupu alumini haina mshindani kati ya hizi tatu. Uzito wake ni thuluthi ya chuma. Lakini na ukakamavu wake ni thuluthi, kwa hiyo boriti ya alumini lazima iwe na kina kirefu na kuta nene, na ule wepesi wa theluthi mbili unaoonekana kwenye karatasi unashuka hadi sehemu moja ya tano hivi kwenye tela lililokamilika. Bado ni faida. Tela tupu la tani 7 likishuka hadi tani 5 na nusu, nusu au zaidi ya kile ulichopoteza kwenye betri kimerudi.

Watu huchanganya hapa, na wauzaji hawawasahihishi. Tela jepesi halikuongezei umbali wa maana, linakuongezea mzigo. Fanya hesabu ya Mombasa hadi Nairobi, kilomita 480 na mwinuko wa mita 1,700 hivi. Kuinua tani moja mwinuko huo ni kilowati-saa 4.6. Kuiviringisha barabarani umbali wote huo, kwa matairi ya kawaida ya lori, ni kama 8 nyingine. Weka na upotevu wa njiani, useme 14. Gari la tani 50 safari hiyo litakula kilowati-saa 800 hivi. Tani uliyoiondoa imekuokolea karibu asilimia 2, na wakati wa kushuka mota ingekurudishia sehemu hata kama hukuiondoa. Kwa upande wa umbali, matairi mazuri na dereva asiyekimbiza gari vitakusaidia zaidi ya kubadili metali.

Kwa hiyo kama unabeba vitu vyepesi vinavyojaza nafasi kabla ya kujaza mizani, godoro, tishu, chupa tupu, alumini haikulipi kitu. Ukibeba saruji, mafuta au shaba, kila kilo ni pesa.

Deni la alumini ni uchovu. Chuma kikitikiswa chini ya kiwango fulani kinaweza kuvumilia miaka na miaka. Alumini haina kiwango hicho: kila shimo la barabarani linaandikwa, na siku moja ufa unatokea pembeni ya weldi. Weldi yenyewe hudhoofisha alumini. Boriti ya alumini aina ya 6061 iliyokazwa kwa joto hupoteza karibu nusu ya nguvu yake pale moto ulipopita. Kisha mtu anaifunga kwa nati za stenlesi, maji ya chumvi yanaingia katikati, na alumini inaanza kuliwa kuizunguka nati kama meno yenye dudu. Bila mpira au rangi ya kuvitenganisha, ndoa ya metali hizo mbili pwani haidumu.

Chuma cha kawaida hakijafa

Nakipitia haraka kwa kuwa kila mtu anakijua. Tipa la kokoto na mawe liende na chuma kigumu cha Hardox 450 au kinacholingana nacho. Hakuna stenlesi ya bei ya kawaida itakayokishinda kwa kukwaruzwa. Chesisi ya S700 inakupa wepesi kwa gharama ndogo kuliko zote. Angalizo ni moja: ukishachomelea, uchovu wa weldi haujui kwamba ulinunua chuma cha gharama. Weldi kwenye S700 na weldi kwenye S355 zinapasuka kwa mtikiso unaokaribiana. Ukipunguza unene bila kubadili mahali pa kuchomelea, umenunua nyufa.

Kutu: hapa stenlesi inarudi mezani

Tela halina injini, na ndiyo maana matela yetu yanaishi muda mrefu kuliko vichwa vinavyoyavuta. Kinachoua tela ni kutu na nyufa. Lori la umeme linaelekea huko huko: mota haina pistoni, mafuta ya injini wala plagi, breki zinachakaa taratibu kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo. Mitambo ikidumu, mwili nao utatakiwa udumu. Hiyo ndiyo hoja yenye uzito ya kupenda stenlesi, na haina uhusiano na mng'aro.

Tela la kawaida huoza mahali palepale siku zote. Si ubavuni. Huoza chini ya sakafu, kwenye kona ambako tope hukaa, ndani ya boksi za chuma zisizo na tundu la kutolea maji, chini ya bati lililopachikwa juu ya bati. Anayepakia chumvi ya Gongoni au ya Bagamoyo anajua: unaosha juu, chumvi inashuka chini. Ipo pia salfa inayotoka bandarini Dar es Salaam kwenda kwenye migodi ya Zambia na Katanga. Ikilowa maji, chuma kilicho uchi kinaliwa.

Je, 304 inatosha pwani? Juu juu, ndiyo, ukikubali madoa ya rangi ya chai. Kwenye vijinafasi vya nati na viungo vilivyofunikana, hapana. Kloridi ya chumvi hutoboa ule utando, na ukishatoboka mahali pasipo na hewa, kishimo kinashuka ndani huku nje pakionekana pazima. Huko unahitaji 316, au uchore kiungo kisichohifadhi maji. Mchoro mzuri ni nafuu kuliko molibdenamu.

Sasa ile aina niliyoahidi. Miaka ya 1970 huko Middelburg, Afrika Kusini, walibuni stenlesi inayoitwa 3CR12. Ina kromiamu asilimia 11 hadi 12 tu na karibu haina nikeli. Kwa sura haivutii: ukiiacha bila rangi inageuka kahawia, na mteja anaweza kukurudishia akidhani umemwibia. Lakini kahawia ile inabaki juu, haichimbi. Imetengenezea mabehewa ya makaa ya mawe, na ndugu yake wa Ulaya, anayeitwa 1.4003, yumo kwenye fremu za mabasi mengi. Inachomeleka, ina nguvu zaidi ya 304 isiyokazwa, na kwa kukosa nikeli bei yake haipandi na kushuka kama homa.

Kwenye lori la umeme ningeitumia sehemu moja kabla ya nyingine zote: vishikio na makasha ya betri. Betri zinaning'inia ubavuni mwa chesisi, mahali ambapo dizeli ilikuwa, pale pale ambapo tope na mawe ya tairi la mbele hupiga. Tangi la dizeli likitoboka unaona na unanusa. Kasha la betri likiliwa na kutu kimyakimya, maji yanaingia penye volti 600 au zaidi. Hapo sitaki rangi iwe ndiyo kinga pekee.

Fundi na sumaku

Wengi wetu tunapima stenlesi kwa sumaku: ikishika, ni feki. Kipimo hicho kinakosea pande zote mbili. 3CR12 na 430 zinashika sumaku na ni stenlesi halali. 304 ikikunjwa sana inashika kidogo kwenye kona. Na ile 201, ambayo nikeli yake imepunguzwa na kujazwa manganizi, kwa kawaida haishiki sumaku, inang'aa vizuri dukani, halafu inatoa kutu kwenye geti lako kabla ya mwaka. Dai cheti cha kiwanda chenye namba ya bati, hasa unaponunua tani na si mabomba mawili.

Kuhusu kuchomelea, 304 husambaza joto polepole, mara tatu chini ya chuma cha kawaida, na hutanuka zaidi. Matokeo yake sakafu ndefu inajikunja kama chapati iliyoachwa juani. Fundi anayejua hushika nukta nukta, akaruka, akarudi. Atumie aina yenye kaboni ndogo, 304L, la sivyo pembeni ya weldi patapoteza kinga. Akiunga stenlesi na chuma cha kawaida, rodi ni 309L. Na jiwe la kusagia lililokwisha gusa chuma cha kawaida lisiguse stenlesi. Vumbi lile la chuma linabaki juu yake na kushika kutu, kisha lawama zinamwangukia muuza bati. Nimewahi kuona tangi jipya lililojaa vidoa vyekundu ndani ya wiki moja kwa sababu hiyo tu.

Swali la barabarani: tela likipasuka Makambako usiku, nani ataliunga? Chuma, fundi yeyote mwenye mashine na rodi. 3CR12, karibu yeyote akiwa na rodi sahihi, na utingo anaweza kuzibeba kwenye kabati. Alumini inataka mashine ya gesi ya agoni na mkono uliozoea. Weldi mbaya ya alumini ni hatari kuliko ufa wenyewe.

Bei

Kwa kilo, 304 huwa mara 3 hadi 4 ya chuma cha kawaida. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba haitulii, kwa sababu ya nikeli. Tarehe 8 Machi 2022 nikeli ilivuka dola 100,000 kwa tani kwenye soko la metali la London, na biashara ikasimamishwa. Mtu aliyekuwa ameahidi tela la stenlesi kwa bei ya Februari hakulala. Kinachochekesha ni kwamba sisi tumekalia nikeli ya Kabanga, kule Ngara, na bado bei ya bati letu inaamuliwa mbali. Mwisho wa maisha yake stenlesi inarudisha kitu: skrepa yake ina thamani, kama ya alumini, wakati skrepa ya tela la chuma lililooza hulipa kidogo.

Je, kina Tesla wamefanya nini hasa?

Gari la DeLorean la mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilivaa 304, lakini uzito ulibebwa na chesisi ya chuma na mwili wa faiba uliokuwa chini yake. Cybertruck ilitangazwa kuwa itabebwa na ganda lake lenyewe. Ilipofika kwa wateja mwishoni mwa 2023, sehemu kubwa ya stenlesi ile ilikuwa kifuniko juu ya muundo mwingine. Machi 2025 zaidi ya magari 46,000 yaliitwa tena kwa sababu kipande cha stenlesi kilichobandikwa kwa gundi kingeweza kubanduka barabarani. Na lori lenyewe la Tesla, Semi, lililoanza kukabidhiwa kwa PepsiCo Desemba 2022, halikuvaa stenlesi kama pikapu. Kampuni ile ile yenye bati lote hilo ilipofika kwenye gari la kubeba mizigo, ilichagua njia nyingine.

Ningechagua hivi

Maziwa, mafuta ya kula, juisi: tangi la 304L, au 316L kama linaoshwa kwa dawa zenye klorini. Hapa hakuna mjadala. Anayekula mzigo ndiye anayeamua.

Petroli na dizeli: tangi la alumini, kwa sababu mzigo unawekewa ukomo na mizani na bidhaa haidai stenlesi. Asidi ya salfuriki kali ya asilimia 98, jambo linalowashangaza wengi, husafirishwa kwa matangi ya chuma cha kawaida, maana asidi ile ikiwa kali hivyo hujitengenezea utando juu ya chuma. Asidi ya haidrokloriki itakula 304 yako bila hata kusema asante; hiyo inataka tangi lenye bitana ya mpira.

Makontena kutoka bandarini Dar es Salaam hadi bandari kavu ya Kwala, kazi ambayo naiona ndiyo itakayopokea malori ya umeme mapema kwa kuwa safari ni fupi na gari linarudi nyumbani kuchaji: skeletoni (tela la fremu tupu lisilo na sakafu) ya S700, boksi zake zote zikiwa na matundu ya maji, iliyopigwa zinki ya moto kama karakana ina bwawa la zinki iliyoyeyushwa la kutosha. Stenlesi hapo ni pesa iliyotupwa.

Chumvi, mbolea, salfa, samaki wa barafu: boriti za chuma, lakini sakafu, mihimili midogo ya chini yake na kuta za chini ziwe 3CR12. Uzito hautapungua. Utakachopata ni kutobadilisha sakafu kila baada ya miaka michache, na kupunguza siku za gari kulala karakana.

Kichwa chenyewe cha umeme utakinunua kama kiwanda kilivyokitengeneza, huna la kuchagua kwenye kabini. Ila kabla ya kusaini, lala chini yake na tochi. Tazama vishikio vya betri, nati zinazovishika, na mahali nyaya nene za rangi ya chungwa zinapoingia kwenye makasha. Muulize muuzaji vimetengenezwa kwa metali gani, na vikishika kutu dhamana inasemaje. Kabini hata ikiwa ya plastiki, haidhuru.